Askari Asiyekufa kwa Risasi

Mauti ni mamoja, lakini watu wameyagawa mauti ya vitani katika daraja mbili. Askari apigwaye risasi huitwa shujaa, na jina lake hutajwa mbele ya bendera. Askari afaye kwa kuhara au kwa homa, juu ya mkeka, nyuma ya mstari wa mapigano, husemwa kwamba siku zake zilikuwa zimetimia. Kifo cha kwanza huhesabiwa kuwa kazi ya vita. Kifo cha pili huhesabiwa kuwa kazi ya maumbile. Ugawaji huu ni wa zamani, nao wapatikana katika nchi nyingi. Katika vita vilivyopiganwa Afrika Mashariki tangu Agosti 1914 hata Novemba 1918, ugawaji huo umeficha sehemu kubwa ya kweli.

Hesabu yenyewe yatosha kuanzisha shaka. Jeshi la King's African Rifles, lililojulikana kwa herufi zake tatu, KAR, lilipoteza katika vita hivyo watu 5,117 waliouawa au kujeruhiwa, na wengine 3,039 waliokufa kwa maradhi. Msomaji na aangalie kwamba tarakimu ya kwanza imechanganya wafu na majeruhi, na majeruhi wengi walipona. Tarakimu ya pili haina ndani yake mtu hata mmoja aliyepona. Katika majeshi ya Waingereza kwa jumla, mwaka 1916, kwa kila mtu mmoja aliyeuawa au kujeruhiwa na adui walikuwapo zaidi ya thelathini walioangushwa na maradhi. Nao wapagazi, ambao bila wao jeshi lisingeweza kwenda mwendo wa siku mbili, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi mno kati yao hawakuguswa na risasi. Vita vya namna hii havielezeki kwa ramani ya mapigano peke yake. Vyataka kuelezwa kwa kumfuata mtu mdogo kabisa wa jeshi, tangu siku aliyoandikwa hata siku aliyozikwa.

Mtu huyo alikuwa nani? KAR ilikuwa imeundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda na Afrika Mashariki ya Kiingereza. Vita vilipoanza ilikuwa na batalioni tatu tu na askari Waafrika 2,300 hivi, waliotawanyika kutoka Ziwa Nyasa hata mipaka ya Usomali. Vilipokwisha, batalioni zilikuwa 22. Waliozijaza walikuwa Wayao na Wangoni wa Nyasaland, Wakamba, Wanandi, Wasudani, na watu wa makabila mengine mengi. Baadhi yao walikuwa wana wa askari, wakafuata kazi ya baba zao. Wengine walitafuta fedha ya kodi ya kibanda, au mahari, au heshima ya sare na bunduki. Wengine walipelekwa na wakubwa wao wa kijiji, na hawakuulizwa. Wako pia waliochagua uaskari kwa kuogopa upagazi, maana walijua kwamba mwenye kubeba bunduki hula vizuri kuliko mwenye kubeba mzigo.

Upande wa pili hali haikuwa mbali na hiyo. Jeshi la Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, lilikuwa na askari Waafrika 2,500 hivi mwaka 1914, nalo likaongezwa upesi. Ndani yake walikuwamo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na Wayao. Vyeo vyao vya ombasha na shaushi vilitokana na Kituruki kwa njia ya Misri na Sudani, na lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa katika kambi nyingi za adui zao. Myao aliweza kumpiga risasi Myao mwenzake. Tena mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya sita ya KAR kwa askari waliokuwa zamani wa Wajerumani, wakatekwa, wakaandikwa upya. Mtu mmoja aliweza kuapa mara mbili, kwa bendera mbili, katika vita vile vile. Wadudu waletao homa hawakuuliza alikuwa ameapa kwa bendera gani.

Jambo la kwanza la kukumbuka katika habari ya askari huyu ni kwamba maradhi ndiyo yaliyomwita vitani. Februari 1916 Jemadari Jan Smuts alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza, akaja na maelfu ya askari Wazungu kutoka Afrika Kusini. Mwezi wa Machi walikwisha shika Moshi. Tarehe 26 Agosti waliingia Morogoro. Tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwao. Katika ramani ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini mwendo ule ulikuwa wa haraka kuliko chakula na dawa, na sehemu yake ilikwenda katika mvua. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari na watu 1,135; kufika Oktoba kilibaki na watu 116 wenye nguvu ya kusimama kazini, na mapigano kiliyoyaona yalikuwa machache. Mwisho wa mwaka askari Wazungu kati ya 12,000 na 15,000 walirudishwa kwao, wengi kwa sababu ya malaria na udhaifu.

Nafasi zao zilihitaji watu. Wakubwa wa jeshi wakasema kwamba Mwafrika amezaliwa na homa, mwili wake umezoea, atavumilia asichokivumilia Mzungu. Kwa neno hilo KAR ikakuzwa. Askari mpya wa mwaka 1917 aliingia jeshini kwa mlango uliofunguliwa na maradhi ya wengine, na juu ya mlango huo paliandikwa kwamba yeye hataugua.

Neno lile lilikuwa na chembe ya kweli na fungu kubwa la kosa. Mtu aliyekulia pwani au bondeni, akaumwa na mbu tangu utotoni, hupata kinga fulani ya malaria ya kwao, ikiwa hakufa mtoto. Lakini mtu wa nyanda za juu, ambako baridi huwapunguza mbu, hana kinga hiyo, na huingia Kilwa au Lindi akiwa mgeni sawasawa na mtu aliyetoka Cape Town. Kinga ya malaria, hata kwa aliye nayo, haimfai kitu mbele ya kuhara damu, wala mbele ya kichomi, wala ndui, wala uti wa mgongo. Magonjwa hayo hufuata mkusanyiko wa watu, maji machafu, njaa na kulala nje. Kwa hiyo swali la haki lilikuwa hili: je, analala wapi, anakula nini, na anakunywa maji gani? Waliouliza swali hilo walikuwa wachache, na aghalabu walichelewa.

Askari wa KAR alikwenda kwa miguu, na wengi walikwenda bila viatu. Alichukua bunduki, risasi, blanketi na posho ya siku chache. Funza walimla vidole, na kidonda cha funza kilichoingia uchafu kilitosha kumwangusha mtu mwenye nguvu. Usiku alijikunyata chini ya blanketi lile lile lililokuwa limelowa mchana. Kuni zilipokuwa mbichi hakuweza kuchemsha maji, na moto ulipokatazwa kwa kumwogopa adui hakuweza kupika. Alikula unga wa mahindi uliokorogwa upesi ukabaki nusu mbichi, na maharage yaliyokuwa magumu kama kokoto. Kwa mtu aliyezoea ndizi, au wali, au ugali wa mtama uliosagwa laini, chakula hicho kilikuwa kama msasa ndani ya matumbo. Tumbo lililokwisha chubuka hivyo lilikuwa tayari kwa kuhara damu.

Chakula chenyewe kilifika kwa vichwa vya watu. Hapa ndipo habari ya askari inapoungana na habari ya mpagazi, wala haziwezi kutenganishwa. Idara ya wapagazi, iliyoundwa mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, mahali zilipokuwa kambi zao. Nairobi nayo inalo jina lilo hilo kwa matamshi yake. Hesabu yake ilikuwa ya ukatili hata kabla ya kuguswa na mtu mkatili. Tuseme mpagazi amebeba ratili 50 za unga, na posho yake ni ratili 2 kwa siku. Akitembea siku 10 kufika kwa askari, na siku 10 kurudi, amekwisha kula ratili 40. Askari amepata 10. Safari ikiwa ya siku 12 na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi, amekula mzigo wote, na askari hapati kitu. Kila hatua ambayo jemadari alisogea mbele ya reli iliondoa chakula katika kinywa cha askari, au katika kinywa cha mpagazi, au katika vyote viwili. Jemadari aliyejua kuhesabu aliweza kujua kabla ya safari ni nani atakayekufa njaa. Asiyejua aliona mambo yale kuwa bahati mbaya.

Mvua za mwaka 1917 zilileta mizani hiyo ikapinduka. Zilikuwa nzito kupita kawaida. Mto Rufiji ulifurika, nchi ya kando yake ikawa ziwa, na askari wa Nigeria waliokuwa wameletwa kusaidia vita walikaa kwa posho iliyopunguzwa hata wakachimba mizizi ya porini, na wengine wakadhurika kwa sumu yake. Njia ya kutoka Dodoma kwenda Iringa ilikatwa na maji, na wapagazi waliivuka mitumbwini au majini hata kifuani, mzigo kichwani. Wakati huo Smuts alikuwa amekwisha ondoka Januari, na huko London alieleza kwamba vita vya Afrika Mashariki vilikuwa karibu kwisha. Vilibaki karibu miaka miwili.

Kuhara damu hakumwondoi mtu kwa siku moja. Kwanza askari huona aibu, akajificha porini mara kwa mara, akaona safu inampita. Shaushi humkemea kwa uvivu. Siku ya tatu au ya nne hawezi kushika mwendo. Bunduki yake huchukuliwa na mwenzake, na blanketi hubaki. Hana hamu ya unga, nao ndio chakula pekee kilichopo. Maziwa na mchuzi ambavyo vingemfaa viko nyuma sana. Akibahatika huwekwa juu ya machela, wakatafutwa watu wa kuibeba, na watu hao wametolewa katika kubeba chakula. Hivyo kila mgonjwa alipunguza posho ya wazima, na posho iliyopungua ilizaa wagonjwa wengine. Jeshi lilikuwa limeingia katika duara, na waliolisimamia walijua, maana Watkins na wenzake walilalamika kwa maandishi juu ya chakula kibaya, mapishi mabaya na upungufu wa madaktari.

Kwa Wajerumani duara hilo lilikuwa limekaza zaidi, kwa kuwa meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari. Kwinini ilipopungua, walitumia magome ya mikwinini iliyopandwa Amani katika milima ya Usambara, wakayachemsha na kupata dawa chungu mno. Mnamo Oktoba 1917 yalitokea mapigano ya Mahiwa, karibu na Lindi, makali kuliko mengi katika vita hivyo. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Vitabu vya vita husimama hapo kwa muda mrefu, na ni haki. Lakini jambo lililotokea mwezi mmoja baadaye, huko Nambindinga, lafundisha zaidi. Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck aliona kwamba chakula na kwinini havitoshi watu wake wote. Akachagua Wazungu 300 hivi na askari 1,700 hivi wa kuendelea, akawaacha wagonjwa, majeruhi na wadhaifu kwa mamia wachukuliwe na Waingereza. Tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno. Sifa za ujanja wake wa vita zimejaza vitabu. Msingi mmoja wa ujanja huo ulikuwa ugawaji wa dawa: aliyeweza kutembea alipewa, asiyeweza alihesabiwa kuwa amekwisha toka vitani.

Askari aliyefikishwa hospitali alikuta nyumba ya miti na makuti, au hema, na daktari mmoja kwa wagonjwa wengi. Wahudumu walikuwa Waafrika na Wahindi waliofundishwa upesi, na kazi yao yastahili kitabu chake peke yake, kwa kuwa waliosha waliochafuka na kulisha waliodhoofika wakati ambapo wao wenyewe wangeweza kuambukizwa. Aliyekufa hapo aliandikwa nambari yake, kikosi chake na jina la ugonjwa. Kama alikuwa Mwislamu na wenzake walikuwapo, alioshwa akasaliwa. Sanda ilipokosekana, blanketi lilikuwa sanda. Aliyekufa njiani alizikwa njiani, kando ya mti, na safu ikaendelea. Jamaa zake walipata habari kwa mdomo wa askari aliyerudi, au hawakupata, na mke wake hakujua kama yeye ni mjane au mke wa mtu aliyetoroka.

Vita vilipoelekea mwisho, maradhi yalileta jeshi jipya. Homa ya mafua iliyozunguka ulimwengu mwaka 1918 ilishuka katika bandari za Afrika Mashariki, ikafuata reli na njia za askari mpaka vijijini. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani ya Ulaya, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Wengine kati ya watu hao, waliokuwa wameponea risasi za miaka minne, walikufa kwa mafua wakati bunduki zilipokwisha nyamaza.

Kilichofuata chaonyesha kwa nini tofauti ya vifo si neno la wanachuoni tu. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambao jamaa zao hawakutafutwa wakaonekana, ilibaki mikononi mwa serikali, na mabishano juu ya fedha hizo yakadumu miaka mingi. Mwaka 1919 serikali ya Kenya iliwagawia mashamba askari waliopigana. Lakini waliogawiwa walikuwa Wazungu, na sehemu ya ardhi hiyo ilitwaliwa kwa Wanandi, ambao wana wao walikuwa wamepigana katika KAR. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mshahara. Waliolipwa ni wazee waliokuwa bado hai. Mfu hakuwa na mkono wa kupokelea, na mfu wa maradhi hakuwa hata na hadithi ya ushujaa ya kumtetea.

Makaburi nayo yalifuata daraja zile zile. Askari Wazungu waliokufa katika vita hivyo, hata waliokufa kwa malaria, walipewa mawe yenye majina katika Voi, Taveta, Morogoro na kwingineko. Makaburi ya askari na wapagazi Waafrika, kwa sehemu kubwa, yaliachwa yarudi porini, na badala ya majina yakawekwa masanamu. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni kazi nzuri, na maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yawakumbuka askari na wapagazi pamoja. Lakini sanamu moja iliyoinua bunduki yasema kwa umbo lake kwamba kifo cha askari ni kifo cha mapigano. Mtu aliyelala ubavu akishika tumbo hakuchongwa. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Mwezi huo ulikuwa umepita zaidi ya miaka mia tangu silaha za mwisho ziwekwe chini pale Abercorn.

Yaweza kusemwa kwamba katika vita vyote vya zamani maradhi yaliua kuliko silaha, na kwamba hapana mtu wa kulaumiwa kwa mbu na mvua. Jibu ni kwamba mwaka 1917 kwinini ilijulikana, faida ya maji yaliyochemshwa ilijulikana, na hesabu ya unga na siku za safari ilikuwa hesabu ya mtoto wa shule. Mvua haikutoa amri ya kwenda mbele ya chakula. Mbu hakuandika kwamba mtu mweusi haugui. Mtu aliyetolewa katika nyanda za baridi akapelekwa bondeni bila chandarua, akalishwa unga mbichi, akatembezwa mvuani na blanketi moja, akafa kwa kuhara damu, ameuawa na vita kwa ukamilifu ule ule wa mtu aliyepigwa na bombomu Mahiwa. Tofauti yao ni kwamba aliyempiga wa pili alikuwa adui yake, na waliomwua wa kwanza walikuwa upande wake.

Kwa sababu hiyo, aandikaye habari za vita vile afanya vema kuwaweka wafu hawa katika daftari moja, safu moja, bila mstari wa kuwagawa. Majina mengi hayatapatikana tena. Lakini sababu za vifo zapatikana, nazo zikitajwa barabara, angalau jambo moja litakuwa limerudishwa kwa askari wa kawaida: kweli ya namna alivyokufa.